Picha Nilizompa Mtani

Magomeni, Dar es Salaam
Jumapili asubuhi

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo dada, na shikamoo nyingine ya siku zote hizi nilizokaa kimya. Mwili wangu mzima, namshukuru Mungu. Ile homa imekwisha, na kazini naenda kama kawaida. Nataka kujua habari zako na za watoto, na mgongo wa mama unaendeleaje tangu mvua zianze, na kama baba bado anakataa kupeleka macho yake hospitali. Sukari nilisimama foleni mara mbili nikaikosa mara mbili, kwa hiyo mama asiitazamie kwenye kifurushi hiki. Nimeweka sabuni.

Sasa nina ombi kabla hujaendelea. Najua barua zangu huzipeleka moja kwa moja kibandani kwa baba, ukamsomea huku anagonga bati, na nusu ya mtaa wa Gongoni wamekaa wanasikiliza. Hii usiipeleke. Ingia ndani uisome peke yako. Ni habari ya kitabu, na si nzuri.

Hadithi yenyewe unaijua, ulikuwa wa kwanza kusomewa: mtoto anamfuata babu yake katika msafara, kwa miguu, kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Picha ishirini na mbili, rangi nilinunua moja moja, miaka minne. Na unakumbuka baba alivyokataa kuchorwa. Likizo nzima alinigeuzia mgongo, akasema mwenye kuchora kiumbe ataulizwa siku ya Kiyama akitie roho. Kisha Ijumaa moja akatoka msikitini na kanzu yake, akakaa kwenye benchi mbele yangu bila kuitwa. "Haya, chora," akasema. "Marehemu babu yako hakuacha picha, na watu wote wanasema nimefanana naye. Hawa wajukuu watamwonea wapi? Nikiulizwa huko mbele nitajibu mwenyewe." Ijumaa mbili alikaa pale, hata nzi hakumfukuza. Ndivyo babu alivyopata uso kitabuni mwangu, yeye kirangozi, aliyetangulia msafara mzima.

Tangu nihamie huku nimezunguka na picha hizo mpaka soli za viatu zimeniaga. Mchana nachora mabango ya elimu ya watu wazima, vyoo na majembe na sufuria za maji yanayochemka. Nadhani hakuna mtu nchi hii aliyechora vyoo vingi kuliko mimi. Jioni nilikuwa nabisha milango ya wachapaji. Mmoja alisema karatasi hakuna, na rangi ndiyo usitaje. Mwingine, kijana mwenye miwani, alisoma hadithi yote kisha akaniuliza: "Ndugu, wapagazi hawa walikuwa wananyonywa. Mbona wanacheka?" Nikamwambia babu alisema walikuwa wanacheka. Akaniambia nikaifikirie upya.

Ndipo mwenzangu wa kazini akanielekeza kwa Bwana Kondo. Yeye ni wakala wa waandishi. Kwetu Tabora kazi hiyo haipo. Mchukulie kama dalali, ila hauzi nyumba. Mwandishi humpa kazi yake, naye huipeleka kwa wachapaji hapa na ng'ambo, akasema nao kwa niaba ya mwenyewe, ikikubaliwa anapata fungu lake. Ofisi yake iko ghorofani Kariakoo, juu ya duka la khanga. Na ni Mzaramo, mtani wetu.

Dada, ungetuona! Aliposikia tu natoka Tabora alisimama kitini.

"Loo! Mpagazi wangu umefika! Tumekungoja tangu enzi za Mjerumani. Pembe ziko wapi?"

"Pembe tumeuza njiani," nikamjibu. "Ninyi Wazaramo tumewaletea ngozi za ngoma, maana kazi nyingine hamuiwezi."

Akacheka mpaka akajishika mbavu, akachomoa kalamu mfukoni mwangu akaitia mfukoni mwake. Mimi nikajiona nimefika nyumbani. Mji huu kila mtu ananiita ndugu, na hakuna hata mmoja anayenichukulia kalamu.

Nilifungua picha. Alizitazama moja moja, akizishika kwa ncha za vidole. Kwenye ile ya baba alikaa sana. "Huyu mzee anajua anakokwenda," akasema. Kisha akatoa karatasi mezani, na hapa usome polepole, maana kosa langu lote liko hapa. Akaniambia, "Mtani, tuandikiane. Uniambie lipi unaruhusu libadilishwe na lipi hutaki liguswe."

Nami, kwa kuwa utani ulikuwa umenipanda kichwani, nikaisukuma ile karatasi. Nikamwambia, "Tangu lini mtani akaandikiana na mtani? Mizigo tumebeba sisi miaka yote, leo zamu yenu. Beba, na ukiona mzito punguza njiani!" Karani wake aliangua kicheko, na mimi nikatoka pale najisikia mwanamume wa maana.

Miezi mitano ikapita. Wiki tatu zilizopita akaniita. Kampuni moja ya ng'ambo imekubali hadithi, watakichapa kitabu kwa Kiswahili na kukileta mashuleni mwetu. Dada, nilikuwa karibu kumkumbatia. Kisha akasema picha watachora wao, wana mchoraji wao, na wamekwisha leta mfano.

Ningependa uuone mfano huo. Ugogo, nchi kavu ile, mchoraji huyo amepanda minazi. Wapagazi vifua wazi, kama vile babu hakufua shuka yake kila walipofika penye maji. Na kirangozi ni pande la mtu lenye mkuki na ngozi ya chui, macho yamemtoka kama anataka kula mtu. Nilimtafuta baba katika uso ule. Hakuna hata sikio.

"Mtani," nikasema, "na picha zangu?"

"Si uliniambia mwenyewe nikiona mzito nipunguze? Nimepunguza!"

Karani akacheka. Waandishi wawili waliokuwa wanangoja zamu yao wakacheka. Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Unajua tulivyolelewa: neno la mtani halichukiwi. Kwenye msiba wa bibi watani walilikalia jeneza wakakataa lisitoke mpaka wapewe chao, na baba, machozi yakimtoka, akacheka nao. Basi mimi nikacheka mbele ya watu, kisha nikashuka ngazi nikakaa kwenye ukingo wa barabara.

Kesho yake nilirudi. Nikamwambia, "Leo nimekuja bila utani." Akamtoa karani nje, akafunga mlango, na nikamwona mtu mwingine kabisa. Hakunidharau. Akafungua jalada akanionyesha barua za wachapaji wanne, wote aliwapelekea maneno na picha pamoja, wote wamekataa. Huyu wa tano ndiye peke yake, naye ametaka maneno matupu. Bwana Kondo amemjibu kwamba mwandishi ameridhia.

"Nimeridhia lini?" nikamuuliza.

"Nilikuwekea karatasi, ukaisukuma ukacheka," akasema. "Mimi nitajuaje lipi lilikuwa la utani na lipi la kweli? Ningejua, ningekulazimisha uandike."

Ningependa kukuambia nimetapeliwa mjini, uwalaani Wazaramo kidogo nipate nafuu, lakini sikutapeliwa. Akanipa wiki mbili: nisaini mkataba, au nichukue picha zangu niende zangu na kitabu kife.

Wiki mbili hizo sikuchora bango moja la maana. Bwana mkubwa wa ofisi alinirudishia sufuria kwa sababu nilisahau kuichorea moto. Nikiwaza kukataa, nawaona watoto wako na wa jirani, hawana kitabu hata kimoja kinachotaja njia ambayo babu zao waliitembea kwa miguu. Nikiwaza kukubali, namwona baba. Barua yako ya mwisho ninayo hapa. Uliniandikia kwamba mwalimu wa chuo cha Kurani alimsema kwa ile picha, na baba akamjibu mbele ya watu kwamba dhambi yake anaijua na faida yake ataiona kitabu kikitoka. Uliandika kwamba anakuuliza yeye atakuwa ukurasa wa ngapi. Nilisoma hapo nikaikunja barua.

Na liko jambo baya zaidi, nitakuambia wewe tu. Nilifikiri juu ya macho yake. Nilisema moyoni, haoni tena vizuri, kitabu kikifika mtu atamwekea kidole kwenye ukurasa wowote wenye mzee na kumwambia, ndiye wewe huyu. Atapapasa karatasi, atafurahi, atakufa anaamini. Nililifikiri hilo siku mbili nzima, na lilinipa usingizi mzuri. Siku ya tatu nikajiogopa.

Nimeandika mpaka hapa kana kwamba bado naamua. Nakudanganya, dada. Nilisaini Alhamisi.

Nilikwenda kukataa, wallahi. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima kutoka Magomeni. Bwana Kondo akaniwekea karatasi mezani. Juu yake jina langu limepigwa taipu, lote kwa ukamilifu, langu na la baba na la babu, na mbele yake limeandikwa neno mwandishi. Umri huu wote sijawahi kuona jina letu limekaa hivyo mahali. Sikuwafikiria watoto, sikumfikiria baba. Nilisaini nikiwa bado nimesimama. Bwana Kondo akaniuliza, taratibu, kama nina hakika, nikasema nina hakika.

Picha zimerudi zote. Nimezifunga kwenye gazeti, ziko chini ya kitanda. Sijazifungua.

Sasa nikuombe la mwisho. Kitabu kitakapofika huko, huenda mtu mwenye huruma akasema tumwache mzee aamini. Huenda akawa mama. Huenda ukawa wewe, maana unampenda kuliko sisi sote. Usikubali. Amekwisha chukua dhambi moja kwa ajili yangu, na mimi nisimwongezee uongo aende nao kaburini. Likizo yangu inaanza baada ya sikukuu, nimekwisha omba tiketi ya treni.

Nisalimie mama sana, na umwambie aache kuinama kwenye kinu. Salamu kwa shemeji, ambaye naamini amekwisha ezeka lile banda. Salamu kwa mjomba wa Kaliua, mtu wa reli, akipita kwenu, na kwa shangazi wa Puge, ambaye nimesikia amehamishiwa kijiji kipya na mihogo yake ameiacha kule alikozoea. Mpe pole, nitamwandikia. Mama mkubwa mwenye duka la mafuta ya taa mwambie bado sijaoa. Wanao wote wabusu, na mkubwa umwambie asome.

Baba msalimie kwa heshima zote, umwambie naja. Usimwambie zaidi ya hapo. Na siku nitakayoshuka, dada, usije stesheni kunipokea. Nataka nitoke kwenye treni niende kwake moja kwa moja, kabla sijaonana na mtu yeyote wa kunionea huruma.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na ninayekuonea haya,

Idi