Karoti na Ndoo Mbili

Jumatatu, 3 Juni
Nimekamua. Nimechemsha maziwa. Nimempa Bibi uji wake. Nimempa Karoti chakula, punje nne, asubuhi tu, kama karatasi niliyoachiwa inavyosema.

Karoti ni samaki. Ni wa Zuhura, mtoto wa Mwalimu Rehema, jirani yetu wa nyumba ya walimu. Wameenda Mwanza likizo yote ya Juni kumwona mama yake mwalimu, anaumwa. Zuhura ana miaka saba. Huyo samaki alitoka naye Mwanza walipohamishiwa hapa Maretadu, ndani ya chupa, amempakata siku mbili kwenye basi. Juzi alinikabidhi kwa mikono miwili. Shikamoo mama, akasema, umlee. Nikasema nitamlea kama mwanangu.

Sasa neno limeshatoka.

Baba Paskalina, mume wangu, amepita hapo mezani, ameangalia kile kioo cha maji anamokaa Karoti, amesema, "Mama Paska, huyu utamkamua saa ngapi?" Mjinga huyu mwanaume. Nimecheka mpaka nimemwaga chai.

Jumanne, 4 Juni
Baridi. Ukungu mpaka saa nne. Nimemfunika Karoti na khanga, upande mmoja, apate mwanga.

Bibi hataki kukaa chumba kimoja naye. Bibi ni mama mkwe wangu, wazee wa zamani wa huku samaki hawakula na hawakutaka hata kumwona. Anamwita nyoka wa maji. Amehamishia kigoda chake jikoni. Nimemwambia haumi. Amesema, "Hata nyoka hajakuuma bado."

Jumatano, 5 Juni
Leo siku ya kubadilisha maji. Karatasi ya mwalimu ina mistari saba, nimeisoma kwa kidole, mimi niliishia darasa la nne. Imesema nitoe maji nusu ndoo, niongeze ya kwenye pipa lililo nyuma ya nyumba yake.

Nimelifunua pipa. Vumbi juu. Viluwiluwi vya mbu vinacheza. Jamani. Mtoto wa watu nimpe maji haya?

Nimeyamwaga yote kwenye sukuma wiki. Nimechota mapya bombani. Nimeosha kioo chote kwa majivu mpaka kinalia. Nimeweka na dawa ya maji, ile ya kliniki, kifuniko kimoja kama ya kwetu ya kunywa. Halafu nimeongeza nusu kifuniko kwa sababu ni mdogo, asiugue.

Yanang'aa. Nimejisikia vizuri sana.

Alhamisi, 6 Juni
Karoti yuko juu ya maji, mdomo nje, anafungua anafunga. Njaa. Nimempa punje nane. Baadaye nimempa na ugali kidogo, laini. Hakuugusa. Labda anamtaka Zuhura.

Ijumaa, 7 Juni
Analala ubavu.

Nimegonga kioo, akajivuta, akalala tena. Rangi imepauka. Ni mgonjwa kweli.

Bwana mifugo alikuwa kwa jirani anachanja ndama. Nimekimbia na kandambili za chooni. Amekuja na begi lake, ameinama, ameangalia muda mrefu, nikapata tumaini. Akasimama. "Mama, mimi mwisho wangu kuku."

Paskalina, binti yangu wa kidato cha pili, alicheka. Nimemfukuza akapure maharage.

Kwetu mtu akikupa ng'ombe wake umfugie, maziwa yako, ng'ombe wake. Akifa mikononi mwako unamchuna, unampelekea mwenyewe ngozi aione, ajue hukumla wala hukumuuza. Nawaza tangu asubuhi. Samaki akifa napeleka nini?

Jumamosi, 8 Juni
Ni mimi.

Nimempigia kaka yangu Emanueli wa Gehandu, amechimba bwawa la perege. Nimemweleza. Akauliza maji ya wapi. Nikasema ya bomba, masafi, na dawa nimeweka.

"Dada. Dawa ile inaua vidudu."
"Ndiyo, ndiyo maana nikaweka."
"Sasa yeye anapumua maji hayo hayo. Umempa sumu avute."
Nikakaa chini kwenye majani ya maharage.
"Na chakula ulimpa?"
"Nilimpa. Na ugali."
"Ulitaka afe ameshiba?"

Akacheka, halafu akasikia nalia, akaacha. Kaka yangu ni mtu mzuri. Ameniambia yote taratibu na Paskalina akaandika kwenye mkono wake kwa kalamu. Maji ya chemchemi, yasiyo na dawa. Yasiwe ya baridi kuliko aliyomo, nipime kwa kiwiko kama maji ya kumwogesha mtoto. Beseni pana. Chumvi ya mawe, kijiko kidogo. Nichote na kumimina kutoka juu ili hewa iingie, maana mashine yake ya mapovu inataka umeme na sisi tuna sola ya taa tu. Na chakula basi, nisimpe siku tatu, nne. Hata punje.

Maji ya lile pipa yalikuwa yametulia siku nyingi. Ndiyo maana mwalimu aliyataka. Mbu hakai kwenye dawa. Viluwiluwi walikuwa wananiambia maji ni mazima, mimi nikawamwaga.

Nimekwenda chemchemi mara mbili. Nimemwingiza kwenye bakuli kwa mkono, nimemhamishia kwenye beseni. Mkononi alikuwa mwepesi kama jani la mgomba lililokauka.

Jumapili, 9 Juni
Sikwenda kanisani. Nimemwambia Baba Paskalina aseme nina mgonjwa. Amesema, wakimuuliza mgonjwa nani? Nimesema aseme mgonjwa tu, Mungu anamjua.

Namimina. Nachota kwa kikombe, nainua juu, namimina. Bega linauma. Nikasikia nyuma yangu kigoda kinaburutwa. Bibi. Amekaa, ameangalia. Akasema, "Unamwaga kama unamwagia mchicha. Lete."

Bibi amepoza uji wa watoto tisa na wajukuu sijui wangapi. Kikombe juu, kikombe chini, uzi mwembamba wa maji, hakuna tone linalokosa beseni. Povu dogo dogo likajaa. Uso ameugeuzia mlangoni ili asimwone nyoka. Mkono haukusimama.

Nimekwenda kulia nyuma ya zizi. Siyo kwa huzuni.

Jumatatu, 10 Juni
Yupo. Anapumua.

Jumanne, 11 Juni
Kutompa chakula ni kazi kuliko kupura maharage. Mimi mgonjwa kwangu anakula. Hata asipotaka anakula. Mara tatu nimeshika kile kikopo cha punje. Mara ya nne sikukikuta. Bibi amekificha, anakataa kusema wapi.

Mchana Karoti amesimama wima. Kidogo. Kama mlevi anayetafuta mlango. Halafu akalala tena. Lakini alisimama, nimemwona, na Bibi amemwona. Maana alikuwa haangalii mlangoni tena.

Jumatano, 12 Juni
Wima tangu asubuhi! Mapezi yanapepea.

Baba Paskalina amerudi toka mnada wa Dirma, hakuuliza habari ya nyumbani wala ya watoto, ameuliza, "Mgonjwa?" Nikamwonyesha. Akavua kofia. Eti alisahau kwamba ana kofia, anasema. Mwongo.

Alhamisi, 13 Juni
AMEKULA.

Punje moja. Bibi amekitoa kikopo chini ya gunia la mahindi, ameichukua punje mwenyewe kwa vidole viwili, ameidondosha. Karoti akaitazama. Akaipita. Akarudi akaimeza fyu! Tukapiga vigelegele, mimi na Paskalina na Bibi na meno yake mawili, mpaka jirani wa juu akaja kuuliza nani amejifungua.

Nimepika wali. Siyo sikukuu. Nimepika tu.

Jumapili, 16 Juni
Kanisani nimeshukuru. Kimoyomoyo, nisichekwe.

Mwalimu Rehema amepiga simu. Mama yake anaendelea vizuri. Halafu akampa Zuhura.
"Shikamoo mama. Karoti hajambo?"
"Marahaba mwanangu. Hajambo."
"Ananikumbuka?"
"Sana."

Sikusema lingine. Siyo uongo, leo hajambo. Lakini nimekaa na simu mkononi imeshakatika na uso unanichoma. Ng'ombe akivunjika mguu ukamfunga akapona, bado mwenyewe lazima aambiwe. Nilikuwa nimefurahi siku tatu, sasa nimeharibu.

Jumatano, 19 Juni
Amerudi kwenye kioo chake. Rangi inarudi kuanzia kichwani. Ila ncha ya mkia imeliwa na dawa, imebaki kama shuka lililokwama kwenye miiba. Emanueli anasema itaota. Hasemi lini.

Kwenye ndoo nimefunga vitambaa. Nyekundu ina dawa, ya kunywa sisi. Nyeupe haina, inakaa wazi juani siku nzima, ya Karoti. Ole wake atakayezichanganya. Baba Paskalina leo amekunywa ya Karoti, makusudi, akasema atakuja kuelea. Nimemkimbiza na mwiko.

Jumapili, 23 Juni
Watu wanakuja kumwona. Wanasema wanakuja kumjulia hali Bibi. Wanamsalimia Bibi, shikamoo, marahaba, wanakaa, macho mezani. Bibi ndiye anayewaeleza. Anasema alikuwa amekufa kabisa. Leo kwenye hadithi yake hata moyo ulisimama. Mimi natajwa mwishoni, kama mtu aliyeleta beseni.

Sawa tu. Nimeona raha.

Ijumaa, 28 Juni
Zuhura na mama yake wanarudi Jumapili. Sijalala vizuri. Paskalina anasema mkia hauonekani sana, mama, usiseme kitu. Mtoto huyu ananipenda. Nimemwambia akaoshe vyombo.

Nitasema. Sijui nitaanza wapi.

Jumapili, 30 Juni
Wamefika saa nane na vumbi la safari. Zuhura hakumsubiri mama yake ashushe mzigo. Mlangoni akakumbuka adabu, akarudi, shikamoo mama, shikamoo bibi, kwa haraka moja, halafu mezani.

Karoti akaja mpaka kwenye kioo. Alikuja, sitii chumvi. Zuhura akaweka kidole, Karoti akakifuata huku, akakifuata kule. Wakacheka wote, nimekaribia kusema hata samaki amecheka.

Halafu akasema, "Mkia wake."

Sikuwa na ngozi ya kuonyesha. Nimekwenda kabatini nimechukua chupa ya dawa ya maji, nimeiweka mezani mbele ya Mwalimu Rehema na mtoto. Nimesema ni hii. Mimi ndiye niliyeweka. Nilimwaga pipa lako, niliona chafu. Alilala ubavu siku tano. Nilipoulizwa kwenye simu sikusema. Nisameheni.

Mwalimu akashika mdomo, mabega yakaanza kutikisika, nikajua analia. Kumbe anacheka. "Mama Paska, mimi samaki wetu wa kwanza nilimwosha na sabuni. Yule hakupona. Tulipata huyu." Akanishika mkono. Akasema kosa ni la karatasi, alisema pipa, hakusema kwa nini pipa.

Zuhura hakucheka. Ameniangalia. Akauliza, "Siku tano ulikaa naye?"
Bibi akadakia toka kwenye kigoda, "Tulikaa."

Jioni nikawa namfungasha Karoti aende kwao. Zuhura alikuwa jikoni na Bibi, Bibi anampa habari za ng'ombe, nani anamfugia nani, maziwa ya nani, ndama wa nani. Nikamsikia mtoto anauliza, "Na mwenyewe haruhusiwi kumwona ng'ombe wake?"
"Anaruhusiwa. Akija anapewa na maziwa."

Akaja mpaka nilipo, ameweka mikono nyuma kama mtu mzima. Akasema kwao chumba kinafungwa tangu asubuhi mpaka shule iishe, Karoti anabaki peke yake gizani. Kwangu kuna watu. "Mama, umfugie. Ni wangu. Lakini umfugie."

Nimemtazama mwalimu. Amekubali kwa kichwa.

Kwangu! Baada ya ile chupa!

Nimempa Zuhura kikombe cha maziwa, maana mwenyewe akija anapewa. Amekunywa yote, akabaki na mdomo mweupe.

Jumatatu, 1 Julai
Shule zimefunguliwa. Paskalina ameondoka na giza la asubuhi, Zuhura amepita akiwa na sare, amempa Karoti punje nne, amezihesabu kwa sauti, moja mpaka nne, amekimbia.

Nimekamua. Nimechemsha maziwa. Kigoda cha Bibi kimerudi chumbani, kando ya meza, hakuna aliyesema kitu.

Jua limetoka mapema leo. Nimezitoa ndoo mbili, ya kitambaa chekundu nimeifunika, ya kitambaa cheupe nimeiacha wazi. Saa tano nimeichungulia hiyo nyeupe. Kiluwiluwi kimoja kinacheza ndani.

Nimekiacha.