Papa, Wezi Wako Wanakusalimia

Papa mpendwa,

Kama huko uliko kuna kwaya, nawahurumia wanaoimba sauti ya pili. Najua umekwisha kuwapanga mstari, na umekwisha kumwambia malaika mmoja afunge mdomo kwanza asikilize wenzake. Hapa kambini Dzaleka bado tunaimba nyimbo zako, na bado tunaziharibu pale pale ulipotukataza.

Leo nataka kukukumbusha maharamia wako. Ulikuwa nao wa aina mbili, wa ziwani na wa sokoni, na uliwachukia wote sawasawa bila upendeleo. Mimi nimekuwa mtu mzima, Papa, na nikiwaza juu yao nacheka peke yangu jikoni mpaka mama anauliza nimekula nini.

Wa kwanza walitukuta kwenye ziwa Tanganyika, asubuhi ile tulipokimbia vita kutoka kijiji chetu cha Mboko. Boti zilikuwa mbili. Ya mbele walipanda wazee na wajawazito, akiwemo mama na tumbo lake. Ya nyuma tulipanda mimi na wewe, na mimi nilikuwa bado wa kukumbatia mguu wako. Wale watu walikuja na moteri kubwa kuliko yetu, bunduki mbili, na kofia moja ya askari waliyokuwa wakivaa kwa zamu. Walichukua moteri yetu, wakachukua sufuria, nguo na magunia ya unga. Kisha mmoja akachukua gitaa lako. Wote tulikuwa tumeinamisha vichwa, ila wewe ulisimama ukamwambia, “Kamba ya tatu imelegea. Kaza kwanza, njo upige.” Watu wakakuvuta shati ukae chini. Yule haramia alikuangalia kwa muda mrefu, na nadhani alikuwa anajiuliza kati yenu nani mwenye bunduki.

Boti ya mbele haikusimama, na haikupaswa kusimama. Niliona kitenge cha njano cha mama kikizidi kuwa kidogo, halafu sikukiona tena. Sisi tulisukumwa na upepo kusini mpaka wavuvi wakatuonea huruma wakatukokota pwani. Kutoka hapo, gari kwa gari na mguu kwa mguu, tukafika Malawi.

Ulizoea haraka, Papa. Ulijifunza kusema zikomo, asante ya huku, kwa sauti nzito kama unahubiri. Ulikula nsima ukasema ni ugali uliokwenda shule. Ulikusanya watu wa Uvira na Fizi waliokuwa wanashona na kuuza mboga, ukawafanya kwaya. Lakini kila gari la wageni lilipofika kambini ulikuwa wa kwanza kusimama pale, na swali lako lilikuwa moja: nani amemuona Nyota, mwanamke wa Mboko, aliyekuwa na mimba? Watu walitikisa kichwa. Ulirudi nyumbani ukiimba, na mimi nilijua kwamba ukiimba bila maneno umeumia. Vita kule haikuwa inaisha. Tulichotaka mimi na wewe kilikuwa kitu kimoja tu, kujua mama yuko upande gani wa ziwa, na kama mtoto alizaliwa salama.

Ndipo mkarekodi kaseti. Mlikwenda Area 47 mjini Lilongwe, kwenye nyumba ya muumini mmoja aliyepigilia magodoro ukutani akakiita chumba hicho studio. Kwaya nzima mlijazana mle mkatoka mmelowa jasho kana kwamba mmebatizwa upya. Kaseti ziliuzwa kanisani baada ya ibada, na ulizipanga mwenyewe juu ya meza, ukizifuta vumbi hata zisipokuwa nalo.

Kisha siku ile tulipokwenda soko la Kawale kununua nyuzi za gitaa la kanisa, ukasikia sauti yako inatoka kwenye kibanda. Nakuona sasa hivi ulivyosimama katikati ya njia, mkono hewani, watu wanakupita kushoto na kulia. Mwenye kibanda alikuwa Shabani, mtu wa Kindu kule Maniema, mwenye kofia safi nyeupe na redio ya kaseti mbili: upande huu inasoma, upande ule inaandika. Mbele yake kulikuwa na rundo la kwaya yako, majina yameandikwa kwa kalamu, na jina lako lilikuwa limekosewa.

“We uko haramia!” ulimwambia. “Nilikimbia baharamia ya ziwa, nakuta mwingine mu Kawale!”

Shabani hakukasirika. Alikuletea kwanza kigoda. “Papa, kaa. Ile ya ziwa alibeba moteri, si ukabaki bila moteri? Mi nimekopia kaseti yako. Haiko kwako tena? Umesahau kuimba?”

“Na jasho yangu?”

“Jasho yako njo natembeza. Babu yangu alitusimuliaka baharamia ya bahari. Balikamataka meli muzima, na batu ndani, bengine na ruhusa ya mufalme! We unanipa jina kubwa, Papa. Mi niko na redio tu.”

“Haramia ni haramia,” ulisema, “akuwe na bunduki ao akuwe na redio.” Lakini kigodani ulikuwa umeshakaa, na chai yake ulikunywa. Mimi nilikula mandazi yake bila swali lolote la dhamiri. Mwislamu wa Maniema aliyekuwa anauza kwaya ya Wakristo wa Fizi kwa madereva wa malori, na wewe unamhubiria amri ya nane kikombe mkononi: ningejua kuchora, ningewachora.

Uliporudi kambini ulikuwa na dawa. Mngerekodi tena, na safari hii, katikati ya wimbo wa kwanza, kwaya ikinong'ona chini, ungewatisha wezi kwa sauti yako mwenyewe. Kule kwetu mtu wa heshima hasemi neno zito bila kujitambulisha kwanza: nani amekuzaa, anafanya kazi gani, mnatoka kijiji gani. Na wewe ulikuwa mtu wa heshima. Kwa hiyo dunia nzima ikasikia hivi:

“Simama kwanza, we unayesikiliza! Kaseti hii njo mali ya kwaya. Kama haukuinunua kanisani, uko na kitu ya wizi, na Mungu anakuona. Mi njo Elisha, mutoto ya Mzee Yohana mufua vyuma, wa Mboko. Sasa niko Malawi, kambi ya Dzaleka, nyumba ya nyuma ya kanisa, mulango ya buluu. Kama uko mwizi, kuya tuongee!”

Mama mmoja wa sauti ya kwanza alishika kichwa. “Papa Elisha! Umepatia bezi adresse yetu!”

“Bakuye,” ulisema. “Nitabangojea.”

Hakuja mwizi hata mmoja. Shabani aliisikiliza kaseti mpya mara moja, akacheka mpaka kofia ikaanguka, akaikopia na onyo lake lote. Wateja waliipenda kuliko wimbo wenyewe. Madereva waliopakia tumbaku Kanengo walikuwa wakiigiza “simama kwanza” wakiwa kwenye foleni ya geti, na walipokwenda kaskazini walikwenda nayo. Kila uliporudi kutoka Lilongwe ulikuwa na hasira mpya. Wanasema dua la kuku halimpati mwewe, na kweli mwewe walizidi kunenepa.

Sasa kumbuka Jumamosi ile ya mazoezi. Shabani aliingia kanisani bila kuvua viatu wala kusalimia, yeye mtu wa adabu vile, amekuja na basi dogo kutoka Kawale, redio yake begani. Wewe ulinyanyua fimbo ya ngoma. “Umekuya kukamata ingine papa hapa mbele ya madhabahu?”

“Papa, nyamaza kidogo,” alisema. “Leo nyamaza.” Akaweka redio juu ya benchi, akatia kaseti aliyoletewa na dereva mmoja wa lori, akabonyeza.

Kwanza ilikuwa mikwaruzo. Halafu kuku. Halafu sauti.

“Elisha. Mi niko Nyota. Mutu moja wa lori alisimama hapa soko, Kigoma, anapiga muziki, nasikia we unagombana. Nilijua ni we mbele useme jina. Mi niko muzima. Mutoto alizaliwa, mwanamuke, tunamuitaka Neema. Furaha iko nawe? Niambie kama Furaha iko. Na juu ya nini umetaja baba yako, na kijiji, na mulango, mi bibi yako haukunitaja? Acha kutisha batu. Tafuta njia tukuye.”

Ulikaa chini sakafuni, Papa, na suruali yako ya Jumamosi. Shabani alirudisha kaseti mwanzo bila kuambiwa, akabonyeza tena, na tena. Mimi niliposikia jina langu nilijibu kwa sauti, “Niko!”, kana kwamba mama angenisikia. Kisha wewe ukaanza kucheka, na yule mama wa sauti ya kwanza akapiga kigelegele, na ngoma ikaingia yenyewe. Ulimkumbatia Shabani mpaka akalalamika mbavu. Baada ya siku ile hukumwita haramia tena isipokuwa kwa mapenzi, na yeye alikuletea kaseti moja kati ya kila rundo “ya kodi,” akidai kwamba wewe ndiye mfalme wake.

Mama na Neema walifika asubuhi moja, kwa lori la dereva yule yule, tukawapokea nje ya maghala ya Kanengo. Ulikuwa umevaa koti lako, na ulikuwa umenifunga utepe kichwani unaouma. Mama alishuka wa kwanza. Ulimshika mikono yote miwili ukaiangalia kama mtu anayehakiki kwamba vidole ni kumi. Neema alibaki juu, amejificha nyuma ya kiti, hataki kuona mtu. Ukamwita: “Simama kwanza, mutoto, nikuone.”

Kichwa kidogo kikatokea dirishani. “We njo ule mutu ya kaseti!” alisema. Akapanda juu ya kiti, akanyoosha kidole chake mbele ya uso wako, akakusomea onyo lote kwa moyo, mufua vyuma, mulango ya buluu na Mungu anakuona, kwa sauti nzito anayoiiga kutoka tumboni. Alikuwa akilala na kaseti ile kila usiku mahali pa baba. Na wewe ulisimama pale kama mwizi aliyekamatwa, machozi yanakuangukia kolani, unaitikia, “Ndiyo. Ndiyo, mama. Njo mi.”

Miaka uliyoishi nao baada ya hapo ilikuwa mizuri, na nashukuru kwa kila mmoja. Mligombana juu ya chumvi, mliimba pamoja mkipepeta mchele. Nina huzuni kwamba hupo, lakini haikai muda mrefu. Nikikukumbuka, kicheko ndicho kinachofika mbele.

Sasa nikupe habari. Kaseti zimekufa, ila haramia hawafi. Siku hizi mtu hahitaji hata kibanda, anabonyeza simu na wimbo umeshafika Uvira kabla hajaweka simu mfukoni. Mwezi uliopita nilipita Area 47 kupeleka nguo nilizoshona, na binti mmoja wa kwetu anayeingiza nyimbo kwenye simu za watu alikuwa anakupiga wewe mlangoni mwa duka lake. Nilifurahi nikataka kucheza njiani. Nikangojea onyo. Halikuja. Kwaya ilinong'ona kidogo, kisha ikaruka moja kwa moja kwenye ubeti wa mwisho.

“Maneno iko wapi?” nilimuuliza.

“Ile ya muzee anagombana? Balikata, dada. Batu habapendake maneno mingi, banataka kucheza.”

Hapo, Papa, nilikasirika kwa mara ya kwanza kama ulivyokuwa unakasirika wewe. Wakuchukue, sawa. Wakusambaze, hewala. Lakini kukukata jina ni kuiba kweli, maana mama alikupata kwa maneno yale, si kwa wimbo.

Nilirudi Dzaleka nikamwambia mama. Alitoa kaseti yake ya Kigoma, ile aliyoinunua kwa yule dereva sokoni, Neema akatafuta redio ya jirani, na jioni hiyo tukairekodi nzima kwenye simu yangu, mikwaruzo na yote. Nilitaka niongeze mwishoni maneno machache ya kuwakataza wasikate. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Mama akaninyang'anya simu, akaisogeza mdomoni kwa mikono miwili kama anakunywa maji, akasema:

“Mi njo Nyota, bibi ya Elisha. Alinipata. Mukopie, mupeleke mbali.”

Nimempelekea yule binti wa duka. Usiku mwema, Papa, na uwapumzishe hao malaika kidogo.

Wako wa mguuni,
binti yako mkubwa, Furaha