Stuli ya Jikoni na Mechi ya Siku Tano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute magoti yametulia na alizeti imeshaingia ndani kabla ng'ombe wa jirani hawajaionja. Mimi mzima. Anayekuletea ni mwenzangu wa Ikungi, anarudi nyumbani kesho. Mpe chai, ana bahati kuliko mimi.

Unajua tangu baba afariki mimi ndiye walii wa kumwozesha dada yangu Mwanaidi, na nilimwahidi nitakaa mwenyewe mbele ya shehe nimshike mkono bwana harusi. Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya huyu mzee ninayemtunza huku Uarabuni, maana pasipoti yangu iko kabatini kwake. Nikasema nitaomba siku akiwa na furaha. Sasa mzee, naye mgeni huku kama mimi, hufurahi timu ya nchi alikozaliwa ikicheza vizuri kriketi, basi. Nikawa shabiki, mama, shabiki wa shida.

Mechi yenyewe siku tano. Hata matanga kwetu yanaisha siku ya tatu. Siku ya nne wapigaji wao wakawa wanatolewa mmoja mmoja, mzee kanuna. Nikampelekea chai, nikavuta stuli ya jikoni nikae mlangoni nimsubiri amalize. Saa nzima hakutolewa mtu. Niliponyanyuka kuchukua kikombe, mmoja akatolewa. Mzee alinitazama kama nimemwaga maziwa ya watoto. Toka hapo nikakatazwa kuondoka kwenye stuli.

Siku ya tano nilikaa tangu asubuhi. Mboga iliungua jikoni naisikia harufu, mzee akasema iache iungue. Kuswali niliswali wachezaji walipokwenda kula. Hawakuhitaji kushinda, walitakiwa wasitolewe wote mpaka jioni tu, na walibaki wawili wa mwisho. Mgongo ulikuwa unawaka. Kila mpira ukirushwa nilimwona Mwanaidi na hina yake mikononi, ananingoja. Nilisoma kila dua niliyofundishwa madrasa.

Wakaponea chupuchupu, ikawa sare. Mzee alilia, akanikumbatia, nami nikaomba pale pale.

Akanishika mkono, kwa upole kabisa. "Mwanangu, zimebaki mechi mbili. Bahati yangu imekaa kwenye stuli hii, nawezaje kuipandisha ndege?"

Nikamwambia dada yangu anaolewa na mimi ndiye niliye mahali pa baba. Akasema nitakwenda mechi zikiisha, na atanipa zawadi ya bibi harusi. Zikiisha, harusi itakuwa imepita. Wangefungwa, labda angenifukuza kwa hasira na ningekuwa njiani. Nimejifungia mlango kwa dua zangu mwenyewe. Nina uchungu, mama, na hapa sina hata wa kumgombeza.

Msalimie bibi, mwambie ugoro wake sijausahau. Msalimie shangazi wa Sekenke na mumewe, na jirani mwenye ng'ombe pia, tumsamehe.

Shehe alishasema walii asipokuwepo anataka maandishi, ndiyo maana sikupiga simu. Mpelekeeni haya: Mimi Hamisi, mtoto wa marehemu Juma wa Unyambwa, nimempa baba mdogo Salumu uwakala wa kumwozesha dada yangu Mwanaidi. Nimeandika kwa mkono wangu, akili zangu timamu, na hakuna aliyenilazimisha.

Mwanaidi asisomewe habari za mechi. Mwambieni tu kaka yako kanyimwa ruhusa.

Mwanao akupendaye,
Hamisi