Jina Kwenye Kaburi la Tikiko

Puteoli, mwanzo wa Oktoba

Mwanangu Eutiko,

Hujambo huko Roma? Mkeo Prima na mimba yake wanaendeleaje? Mimi mzima, ila magoti, na mgahawa una wateja.

Habari za kuuawa Kaisari Domitiano zimetufikia. Jana baraza la mji lilimleta fundi afute jina lake kwenye jiwe la barabara aliyoijenga. Watu wakashangilia, walewale waliomchinjia ng'ombe barabara ilipofunguliwa. Mimi nikalia. Muuza samaki akaniuliza, "We mama, unamlilia nduli?" Nikamjibu, "Nduli kwa wakubwa. Mimi aliniachia mwanangu."

Sisemi alikuwa mwema. Aliua watu. Lakini bwana wetu wa zamani, Trofimo, alikuwa akihasi watoto wa watumwa wake ili awauze kwa bei kubwa, na kaka yako Tikiko alivuja damu mpaka akafia mapajani mwangu. Aliyefuata ni wewe. Ndipo ikaja amri ya Domitiano: marufuku kuhasi. Trofimo alitukana, akarudisha kisu.

Nasikia karamuni unalipwa kumtukana. Mtukane, ila na hilo moja lisemwe.

Mama yako

Roma, Novemba

Shikamoo mama,

Sisi wazima. Pole na magoti.

Mama, funga mdomo! Huku anayechelewa kumtukana anaulizwa kwa nini. Ninakula kwa tajiri Vokula, ambaye ndugu yake aliuawa na huyo Kaisari wako. Kwake najulikana kuwa nimezaliwa huru. Unataka nisimame niseme nilinusurika kisu cha matowashi? Halafu wasomi wanasema amri ile aliitoa kumkomoa tu marehemu kaka yake aliyependa matowashi.

Mwanao

Puteoli, Desemba

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo kidogo. Nimetoka kulimwagia divai kaburi la Tikiko. Majina yetu, langu na lako, yamechongwa palepale chini ya lake, yakitungoja tufe.

Awe alimkomoa nani, kisu kilirudi. Mimba ya Prima unadhani imetoka wapi? Usiponisemea wewe, nani atanisemea?

Mama yako

Roma, Februari

Shikamoo mama,

Prima amejifungua mtoto wa kiume! Wote wazima. Nawe u mzima?

Nawe umesemewa. Barua yako ya kwanza niliisoma karamuni, nikasema ni ya mwanamke mmoja wa mgahawa, mpenzi wa nduli. Jina lako sikulitaja, la Trofimo nalo nikaliruka. Niliigiza sauti yako, na magoti. Walicheka mpaka Vokula akamwaga divai. Pale pa "mapajani mwangu" ndipo walipovunjika mbavu. Amenipa nyumba. Usikasirike, ni mzaha tu. Joto likianza nitakuletea mjukuu.

Mwanao

Puteoli, Machi

Eutiko,

Barua nimeipata. Habari za mtoto zimenifurahisha, na kisha nikasoma zilizobaki.

Fundi aliyefuta jina la Domitiano bado yuko mjini. Nilimpeleka makaburini nikamwonyesha jina lako. Akauliza, "Kwani huyu naye kafanya nini?" Nikamwambia afute tu. Kazi yake safi. Ukipapasa jiwe hushiki hata herufi moja. Tikiko sasa amebaki na mimi peke yangu.

Mtoto usimlete. Akija kukuuliza bibi yake ni nani, mwambie ulivyowaambia wenzako: mwanamke mmoja wa mgahawa.

Helpide