Walikuja Jumamosi

9 Machi 1871

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya salamu nyingine nakusihi: usimtajie mtu neno hata moja la barua hii. Ukishaisoma, itie motoni.

Kifua chako kimepoa? Mimi mzima. Leo nilikuwa nikinakili hati hapa mahakamani, Bwana Cullen mwenye kinu cha pamba akaongea na naibu wa sherifu kana kwamba karani mweusi ni kiti. Jumapili, mkitoka ibadani, watakuja kuichoma shule yetu sisi weusi. Kuhusu dada Lavinia alisema, "Huyo mwalimu wao tutamfunza sisi." Wakacheka. Mtoe hapo mapema.

Mwanao, Horace


13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua hakijambo. Mengine si mema.

Nilishindwa kunyamaza. Waliokata miti ya kujengea shule ile kwa mikono yao walistahili kujua. Tulikutana kwa Mzee Prince, tukafudikiza chungu cha chuma mlangoni kimeze sauti, kama enzi za utumwa. Miaka yote ile hakikutusaliti, basi tukasema bila kunong'ona. Mzee Prince akauliza, "Nani kakwambia?" Nikakutaja. Kumbe nje palikuwa na mtu wa Cullen, anatafuta nyumbu wa mkokoteni aliyepotea.

Hawakungoja Jumapili. Walikuja Jumamosi mchana, Lavinia akiwasomesha watu wazima. Mzee Prince alisimama mlangoni na shoka. Wakampiga risasi ya mdomo. Lavinia wakamlaza juu ya dawati, wakauponda mkono wake wa kulia kwa kitako cha bunduki hadi mfupa ukatokeza. Cullen akamwambia, "Haya, andika." Kisha wakawasha moto.

Lavinia yu hai. Ameuliza tu nani atawasomesha watoto.

Wanakutafuta. Kimbia, baba. Nisamehe.

Mama yako


16 Machi

Mama,

Sijui nikusalimu vipi. Barua yako iliwatangulia. Nilitorokea dirishani naibu akipanda ngazi. Mwenye nyumba wangu wamemchapa viboko hadi akazimia, hakunitaja. Sikulaumu. Ningekuwa mle ndani, nami ningesema kwa sauti.

Mlete Lavinia huku nilikojificha. Jina langu usiliandike popote. Siku ya soko nendeni kivukoni, mumtafute Dicey, mfuaji nguo mwenye kilemba cha buluu. Mwambie una shati la Samweli. Akikupa kikapu chake, mfuateni kimya. Akikujibu kwamba Samweli hayupo, usiulize mara ya pili. Geuka urudi nyumbani, na usilie njiani, watakuwa wanakutazama.

Mwanao