Kumkemea Baba Mkwe

Mama Kasto,

Naanza na hali zenu kabla ya yangu. Baridi ya Juni huko naijua, na mlango wa jikoni niliuacha bila bawaba ya chini. Kama bado unaegemezwa kwa jiwe, mwite fundi, usinisubiri. Ulezi mmeshaupiga au bado uko uwanjani? Na Kasto, bado anakohoa?

Mimi ni mzima. Baba yako naye ni mzima, ila amepoteza kidole. Nimelitanguliza hilo ili usiisome barua nzima ukilitafuta. Ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Cha jirani yake kilivunjika, sasa kimeunga. Jumatatu amerudi kazini. Sikupiga simu kwa sababu mtandao wa huku Uganda unakatika katikati ya neno, tena simu yako unaipokelea mbele ya mama yako. Nimeona bora uisome wewe kwanza, ukiwa umekaa. Anayekuletea ni Rashidi wa Kirando, ninayelala naye chumba kimoja. Anakuja likizo, atapita hapo Izia kabla ya kuteremka ziwani.

Sasa nieleze ilivyokuwa, maana mkono wangu umo.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu. Mnara wa mtambo wa kuchimba mafuta una kijukwaa juu, mita ishirini na tano kutoka sakafuni, na hapo ndipo ninaposimama nimefungwa mkanda. Tunapovuta mabomba kutoka kisimani, yanapanda matatu matatu yakiwa yameungana, karibu kilo mia nane kwa mkupuo. Walio chini wanalifungua bomba na kulisukuma mguu wake pembeni. Mimi juu nalizungushia kamba kichwani, nalivuta kifuani, nalipanga kwenye safu pamoja na wenzake. Kisha linakuja jingine. Siku ya kuvuta yanaweza kufika mia. Mabega yanawaka hadi kijiko nakishika kwa mikono miwili. Lakini mtu wa juu ana kazi nyingine isiyotumia mabega: anaona mikono na miguu ya wote walio chini, na ana kipaza sauti. Akiona mkono umekaa pabaya anapiga kelele, neno moja, na jina kama jina ni fupi.

Tangu tulipochukuliwa kule bondeni Rukwa, mimi na baba yako tulikuwa zamu mbalimbali. Mkandarasi alikuwa ametusaidia bila kujua. Mwezi uliopita mtu mmoja wa zamu yetu aliugua malaria, na baba yako akaletwa kuziba nafasi. Asubuhi ile nilimkuta kwenye ngazi, nikampisha. Akaitazama ile ngazi, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo leo mkwe wangu ananikalia kichwani," alisema.

"Nisamehe, tata," nilisema, maana baba mkwe ni baba.

"Panda. Mshahara haujui mkwe."

Rashidi alikuwa nyuma yetu amebeba kofia yake. "Nyie Wafipa," akasema, "mtaamkiana mpaka bomba liote mizizi."

Siku tano zilipita salama. Kila nilipotaka kumwonya baba yako nilimtumia Rashidi: "Rashidi, mwambie mzee asogee." Rashidi alikuwa anasema, mzee anasogea. Drila wetu, mwendesha mtambo, Mkenya mtu mzima, aliniuliza mara moja kwa nini nazungusha maneno. Nikamwambia ni mazoea tu. Hilo ndilo kosa la kwanza, na nililifanya nikiwa na akili zangu.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, Rashidi alikwenda kuleta grisi. Sakafu ilikuwa na tope la kisima, inateleza. Bomba lilikuwa limeshafunguliwa, mguu wake unaelekea kwenye safu. Baba yako aliteleza kidogo, akajishikilia kwenye bomba lililokwisha pangwa. Vidole vyake vikabaki hapo, upande ambao lile jingine lilikuwa linakuja. Niliviona vizuri. Neno la kuonya hapo ni "mkono", halina mbadala, na kama angekuwa mtu mwingine yeyote ningelitoa kabla ya kufikiri.

Nilisema: "Baba, samahani, mkono."

Wewe unajua kwenu. Mkwe hatajwi jina, hapandishiwi sauti, ukikutana naye njiani unapisha wewe. Miaka tisa nimeshika hayo bila kulazimishwa na mtu. Nilipofika kwenye neno la tatu bomba lilikuwa limeshafika.

Sikushuka mara moja. Bomba lililokuwa kifuani kwangu lilikuwa halijafungwa, na likiachiwa linaua. Nililifunga kwanza, ndipo nikashuka. Nilimkuta ameketi juu ya sanduku la vifaa, glovu bado mkononi. Hakulia na hakuzimia. Aliniambia tu, "Usiivue wewe. Mwache daktari." Mchana ule ule alipelekwa mjini, kidole kikakatwa kwenye kiungo cha pili.

Kesho yake mkuu wa kambi alituita. Sheria ya hapa ni kwamba anayeweka mkono kati ya mabomba anarudishwa kwao, na baba yako alikuwa ameshatoa maelezo yake kitandani. Alisema ni uzembe wake, alijua hatari na akaweka mkono. Karatasi ya kumrudisha ilikuwa tayari mezani. Mama Kasto, nilihitaji kunyamaza tu. Ningebaki na nafasi yangu ya juu, baba yako angepanda basi kurudi Sumbawanga na mkono uliofungwa, na nyumbani wote mngeamini aliyoyasema.

Nilimwambia mkuu: "Nilimwona. Nilikuwa na muda wa neno moja, nikatumia matatu."

Akauliza kwa nini. Nikamjibu kuwa ni baba mkwe wangu. Hakuelewa, alinitazama kama niliyetaja jina la ugonjwa. Drila ndiye aliyemweleza. "Huyu hawezi kumfokea yule," alisema. "Kwetu sisi hata kuketi naye meza moja ni shida. Angeniambia mapema ningewatenganisha." Kisha akanigeukia. "Kwa nini hukuniambia?"

Waliamua baba yako abaki, na mimi niondolewe juu. Nimerudi sakafuni, kwenye tope, kazi niliyoanza nayo. Sijui kama nitapandishwa tena.

Nilipomweleza baba yako kule hospitali, alikasirika kuliko alivyokasirikia kidole.

"Umejishusha kwa ajili yangu," alisema. "Binti yangu nitamwambia nini?"

"Ukweli, tata."

"Ukweli mwandikie wewe. Mimi mkono unauma." Kisha akasema: "Ungeniita mbwa ningeruka. Unajua hilo?"

Aliporudi kambini akaamua nijifunze kumkemea. Usicheke. Tulikaa chumba cha kulia baada ya chakula cha mchana, yeye upande ule wa meza, mimi upande huu, na Rashidi akajifanya mwalimu.

"Mwangalie usoni," Rashidi aliniambia. "Sema: wewe mzee, toka!"

"Wewe mzee," nilisema, "toka, tafadhali."

"Hapo ameshakufa. Rudia."

Nilirudia mara nne. Mara ya nne sauti ilitoka vizuri, ila nilikuwa naangalia chupa ya chumvi. Baba yako alicheka hadi akashika mkono wake kwa maumivu. Kisha akasema basi, inatosha, mtu mwenye umri wangu hawezi kufunzwa utovu wa adabu kwa mchana mmoja.

Ni yeye aliyekwenda kwa drila. Hawezi kunyanyua kitu kizito bado, na pale sakafuni anatakiwa mtu mmoja asiyegusa bomba, anayesimama pembeni na kuangalia mikono ya wengine. Akaomba kazi hiyo. Alisema yeye anaweza kumfokea mtu yeyote pale, na mimi mkwewe ana haki ya kunifokea hadi siku ya kufa kwake. Drila akakubali. Jumatatu, saa moja baada ya kuanza, mguu wangu ulikuwa umevuka mstari mwekundu wa hatari bila mimi kujua. Nilisikia "Mguu, we!" kwa sauti anayofukuzia ng'ombe kwenye mahindi. Niliruka kabla sijamjua aliyeita. Uganda nzima imesikia. Nami nikamjibu, "Ndiyo, tata," nikaendelea kusukuma.

Mama yako umwambie wewe, kwa namna utakayoona, kabla hajauona ule mkono. Baba yako anasema asiambiwe. Mimi nakuomba aambiwe, na aambiwe pia kwamba niliona. Mpe shikamoo yangu. Kaka yako mkubwa msimamizi wa shamba msalimu, naye asikie yote, kwani akiyasikia kwa mwingine atakuja kukuuliza wewe. Wanajumuiya waliotuombea safari wape shukrani. Kasto mwambie babu yake anamsalimu, wala hajasahau ahadi ya jembe dogo.

Rashidi anarudi baada ya wiki tatu na atapita hapo kuchukua majibu. Kama unaona nimemkosea baba yako, au nimewakosea nyinyi kwa kushushwa, andika hivyo hivyo. Usitangulize salamu wala pole. Mstari mmoja unanitosha, na mstari wenyewe uwe wa kwanza.

Mumeo,
Baba Kasto