Bamekamata Ngoma, Tuko na Vinu

Siku ya ine, 3/5/2001

Leo tena nimepiga ngoma ya shirika, kikundi yetu ya kusali. Nimepiga vizuri sana. Si kujisifu, ni kweli. Mu Vulamba yote, mutaa wetu wa Butembo, hakuna mutu anapiga kama mimi Kasereka. Hata padri alisema siku moya: ule kijana anapiga kwa nguvu. Hakusema «vizuri», alisema «kwa nguvu», mais nilielewa.

Ni mwezi wa Maria. Kila asubui sanamu ya Mama Maria inahamia nyumba ingine, na batu ba shirika banaifuata kusali rozari mbele ya kwenda ku mashamba. Leo iko nyumba gani? Hakuna mwenye anauliza. Banasikiliza ngoma, banafuata. Donc bila mimi Bikira Maria angekaa peke yake.

Mama pia anafuata. Ile njo kitu kikubwa. Yaya Paluku, mukubwa yangu, alienda Mangina kutafuta mawese mbele ya Pasaka. Kisha vita ikafunga barabara. Mpaka leo hakuna habari. Tangu pale mama anakula kama kuku mugonjwa. Analala akiangalia ukuta. Mais ngoma ikilia anaamka, anafunga kikwembe, anaenda. Anaimba hata. Rozari ikiisha anarudi kwa ukuta wake. Lakini ile saa ya kusali, iko mama yangu ya zamani kabisa.

Siku ya posho, 5/5

Chukudu kutwa nzima, ile baiskeli yangu ya mbao ya kusukuma mizigo. Nimeshusha makabichi ya batu ba Alimbongo toka barabara kubwa mpaka soko, bila kugusa frein kupunguza mbio. Wasichana walipiga kelele. Bamoja kwa woga, bamoja kwa kunipenda. Niliacha masomo kwa cinquième, mwaka wa tano, mais chukudu yangu iko na diplôme.

Nimeuliza bashofere ba Beni. Hakuna gari inatoka Mangina. Mama akiniuliza nitasema sikuona shofere.

Hakuniuliza.

Siku ya Mungu, 6/5

Bamekamata ngoma.

Tulitoka misa, tukakuta basoda na bunduki zao mu kiwanja yetu. Komanda yao anasema ngoma ya asubui inaonyesha batu ba pori, adui yao, mahali basoda balilala. Nikamuambia: komanda, ile ngoma inaita babibi na rozari tu. Akanipiga kofi. Sikulia. Machozi ilitoka yenyewe, ile ni kitu ingine.

Sheria yake: hapana ngoma, hapana kengele, hapana filimbi. «Kusali, musali. Mais kimya.»

Soda moya alibeba ngoma yangu ku kichwa. Kichwa chini, ngozi juu ya nywele. Hata kubeba ngoma hajui.

Siku ya kwanza, 7/5

Sanamu iko kwa Mama Masika, kiongozi wa shirika. Batu walikuja bamoja-bamoja. Bengine bamezunguka na rozari mu mukono kama mbuzi zimepoteza mwenye, kisha bakaenda ku shamba. Nilijaribu kupita nyumba kwa nyumba kuita. Ku kona ya kwanza soda akanirudisha: nani amekutuma, petit?

Nikarudi nyumbani, nikamuambia mama ni saa ya rozari.

«Sijasikia kitu,» akasema.

Akageukia ukuta.

Siku ya tatu, 9/5

Jana hakula. Leo hakula. Nimeogopa. Naandika hapa tu. Kwa bengine nasema mama iko na grippe, mafua tu.

Nilipiga magoti pembeni ya kitanda, nikaanza rozari mimi mwenyewe. Matendo ya uchungu. Nilienda vizuri mpaka ya tatu, pale nikapotea, nikaweka arusi ya Kana. Haiko mu rozari! Zamani mama angecheka mpaka kujishika tumbo, angeenda kuhadisia majirani bote. Leo hata hakugeuka. Nikamaliza peke yangu, haraka, na haya.

Mungu, hii ukuta iko na nini?

Magaribi nilikuwa nakula viazi ku mulango. Jirani anatwanga sombe yake, majani ya muhogo. Tu-tu. Tu-tu. Nikaacha kutafuna.

Siku ya ine, 10/5

Komanda alikataza ngoma, kengele, filimbi. Kinu hakusema.

Niliona hii mimi. Si padri, si katekista. Mimi wa cinquième.

Nilienda kwa Mama Masika kumueleza. Kila mutu anatwanga sombe magaribi, juu ya chakula ya usiku. Asubui hakuna mutu anatwanga. Donc nyumba yenye kupokea sanamu itwange asubui, vinu bili, mupigo ule ule wa ngoma ya shirika. Batu batasikia, batajua.

«Na nani atafundisha bamama ule mupigo?»

«Mimi.»

«Wewe mwanaume utatwanga?»

«Mungu haangalii nani anatwanga.»

«Na sombe yenyewe tutaifanya nini?»

«Tutapika, tutakula kisha rozari.»

«Aah! Kumbe unatafuta chakula!»

«Mungu Nyamuhanga anaona yote, mama. Hata njaa.»

Tukajaribu nyuma ya nyumba yake na kinu kitupu. Bamama walicheka mpaka kukaa chini. Moya anauliza: Kasereka, umeolewa wapi? Nikamujibu: kwenu. Mais mupigo wameshika. Nimewafundisha vizuri. Mikono inauma, haiko kama ngoma hata kidogo, na nimeanza kuheshimu bamama. Kidogo.

Nimeomba sanamu ije kwetu kesho.

Siku ya tano, 11/5

Naandika haraka, chukudu inaningojea.

Asubui nilianza mimi na Mama Masika, mbele ya dirisha ya mama. Vinu bili, majani tele. Tu-tu, tu-tu-tu. Batu walianza kutoka mu njia, banacheka chini-chini, rozari mu mukono. Mulango ya mama, kimya. Nikaongeza nguvu. Majani inaruka inje ya kinu. Bado kimya. Nikasema mu roho: Maria, wewe pia ulikuwa na mutoto, saidia.

Mulango ukafunguka.

Mama alisimama pale, nywele zimesimama, ameshika kikwembe kwa mukono. Aliniangalia. Aliangalia majani ku udongo.

«Nani alikufundisha kuharibu sombe? Unatwanga kama mbuzi anaruka!»

Akanipokonya mutwangio. Akatwanga yeye. Mupigo ule ule, mais yake iko nzito, iko sawasawa, inaingia mu tumbo. Kisha akaanza wimbo bila kuacha kutwanga, na kiwanja yote ikaitika.

Niliangalia chini ili batu basione uso wangu. Nilikuwa nacheka kama mujinga.

Siku ya pili, 15/5

Kila siku batu banaongezeka. Hata jirani wetu mu-Protestanti amekuja. Anasema rozari haimuhusu, mais nyimbo inamuhusu. Anakaa nyuma na kuimba sauti ya chini mpaka bati inatetemeka. Kila mutu iko na mutu wake hajarudi, ao shamba yake hawezi kuifikia. Banakuja na uso umefungwa, banarudi na uso umefunguka kidogo. Nimeona na macho yangu.

Mama sasa anakula. Leo ameniambia ninanuka, niende kuoga. Nimefurahi sana.

Siku ya ine, 17/5

Nilijua tu.

Leo sanamu ilirudi kwetu, mama aliiomba. Rozari iko katikati. Sombe inachemka ku moto, batu wako magoti mu kiwanja. Mara komanda anaingia na basoda yake, banacheka, mashati zimefunguliwa.

«Arusi iko wapi?»

Njo vile! Siku nyingi banasikia vinu asubui, leo mutaa huu, kesho ule. Bakasema: mwenye anatwanga asubui iko na karamu. Hizi batu ba Vulamba banaoana kila siku na hawatuite! Balikuja kula arusi.

Wakaona batu wamepiga magoti. Sanamu ku meza, maua mu kopo. Cheko ikaisha. Komanda akaanza kupanda joto.

«Nilisema nini mimi? Nani anakusanya batu hapa?»

Ilipashwa kuwa mimi. Ni mimi niliona hii mambo, ni mimi nilifundisha. Wiki yote natembea ku soko nikijivuna juu yake. Nilifungua kinywa. Ulimi ulikuwa kama kipande cha ngozi. Bunduki moya ilikuwa inaniangalia ku goti.

Mama akasimama. Polepole, juu magoti yake iko mabaya.

«Ni mimi. Ulikataza ngoma, kengele na filimbi. Sombe haukukataza.»

Mama hakutetemeka. Mimi nilitetemeka kwa bote bawili.

«Tumebaki na kumi moya ya rozari, Salamu Maria kumi tu. Kaa, mwanangu. Tukimaliza utakula.»

Alimuita mwanangu! Ule mwenye kuniachia alama ya vidole ku shavu! Komanda aliangalia mama, akaangalia sufuria. Akakaa. Juu ya kinu yetu tena, akakigeuza chini-juu kama kiti. Soda mudogo kabisa, labda wa myaka yangu, akaweka bunduki ku udongo, akavua kofia, akaanza kuitika Salamu Maria kwa Lingala. Alikuwa anajua yote. Sauti yake nzuri kuliko yangu, nakubali.

Mama aliongoza ile kumi mpaka mwisho. Hakukimbiza hata neno moya. Kisha akapakua. Basoda wakala sombe yote na bukari yote, ugali wetu. Batu ba shirika bakaenda ku shamba na njaa. Mimi pia. Nilisukuma chukudu na tumbo tupu na nilikuwa naimba.

Ule ni mama yangu. Andika, Kasereka. Ni mama yangu.

Siku ya posho, 19/5

Basoda wamerudi tena kula. Komanda anasema sombe haina chumvi ya kutosha. Bamama banasema na yeye aje kutwanga. Hawasemi mbele yake.

Mais hakuna mwenye anatukataza sasa. Jeshi limeshindwa na majani ya muhogo. Historia itasema ni Kasereka.

Siku ya pili, 22/5

Gari ya kwanza imetoka Mangina. Shofere, muzee na ndevu nyeupe, aliuliza ku barabara: nyumba ya Mama Paluku iko wapi? Batu wakamuleta mpaka kwa Mama Masika. Tulikuwa tumemaliza rozari, bado tumekaa.

Alivua kofia. Nikajua.

Yaya alipigwa risasi ku njia, karibu na Mangina, wiki ya Pasaka. Batu walimubeba mpaka kwa mama moya wa shirika ya pale. Alikaa siku kidogo. Alisema jina yake, akasema kwao ni Vulamba. Akafa. Ile shirika ilimuosha, ikamuzika pembeni ya kanisa yao, ikatuma habari na mutu wa kwanza mwenye atapita. Njo huyu shofere.

Mama alimuuliza kitu moya tu.

«Balimuimbia?»

«Balimuimbia, mama. Tangu alianza kuzimika mpaka kaburi. Hakukaa peke yake hata kidogo.»

Nilingoja aanguke. Nilikuwa nimeshasogea kumushika. Hakuanguka. Alifunga macho, akasema «Wasingya, Nyamuhanga», kidogo-kidogo, asante Mungu kwa Kinande, lugha ya nyumbani. Kisha akaanzisha wimbo. Sauti ilikatika. Mama Masika akaipokea. Mama akairudilia. Ikakatika tena, jirani mu-Protestanti akaishikilia chini pale. Vile vile mpaka mwisho. Kila mara alipoanguka mu wimbo, mutu alikuwa chini yake.

Kisha kilio. Cha kweli, na sauti, na mikono juu ya kichwa. Nililia pia. Hii mara si machozi yenyewe. Ni mimi.

Mama Masika alitaka kumufariji akakwama ku jina. «Mama... Mama Kasereka...»

«Hapana,» mama akasema. «Niko Mama Paluku. Mungu hajaniondolea ile jina.»

Sikukasirika. Niko mutoto wa Mama Paluku, na hakuna cheo kikubwa kupita ile mu Butembo yote.

Siku ya ine, 24/5

Kilio, matanga ya yaya, iko kwetu. Moto unawaka mu kiwanja, batu banalala inje pembeni yetu. Hatuna maiti ya kulilia, mais batu wamejaa. Padri alikuja kusoma misa ku kiwanja. Soda mudogo alikuja bila bunduki. Alileta kuni.

Mama anakula. Kidogo. Akichoka kulia anasali, akichoka kusali analia. Haangalie ukuta.

Siku ya Mungu, 27/5

Moto wa kilio umezimwa. Batu wamerudi kwao.

Nimeamka mama hayuko. Kitanda kimetandikwa. Nimemutafuta nyuma, ku choo, kwa Mama Masika. Mutoto wa njia akaniambia: ameenda chini kule, kwa ule mama mwenye bwana yake alipita Alimbongo na hajarudi. Inasemekana ule mama haamuke tena asubui.

Amebeba rozari yake.

Nimejipikia chai. Sukari hakuna. Nimekaa ku mulango nikiingojea kupoa. Ukungu uko juu ya mashamba, na toka kule chini nasikia sauti yake, peke yake bado, inaanza Salamu Maria ya kwanza.